Saa Yangu na Kisima cha Baba

Bei sitaitaja. Walioniuliza ni wengi, na kila mmoja alipouliza alikuwa ameshakunja uso, kwa hiyo nilijua hatafuti jibu, anatafuta pa kuanzia. Niseme tu kwamba kwa fedha ile ningeezeka nyumba ya vyumba vitatu kwa bati la rangi na ningebakiza ya fundi. Naandika hivyo makusudi, ili mwenye kukasirika akasirike mapema. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, nina wajukuu watatu na nyumba Masuguru, hapa Korogwe mjini, ambayo choo chake bado kipo nje. Na mkononi nina saa ya dhahabu.

Watu wa kwetu wanasamehe mengi. Ukinunua kitanda cha mninga chenye nakshi mpaka miguuni, watakuja kukipapasa na kukupongeza. Ukilipia ukumbi wa harusi wa usiku mmoja kwa akiba ya miaka mitatu, watasema umemheshimisha mwanao. Lakini mwanamke mtu mzima akijinunulia kitu kidogo cha kukaa mkononi, kisicholiwa, kisicholaliwa na kisichozaa, basi huyo ana wazimu au ana mwanamume. Mimi sina vyote viwili.

Nina kisa, na kisa chenyewe kilianzia Handeni, katika kijiji nilikozaliwa. Mdogo wangu wa kiume alinifuata kwa mwaka mmoja na kidogo, tukaandikishwa shule siku moja kwa sababu baba hakutaka kusumbuliwa na sare mara mbili. Tulipofika darasa la saba, baba alitangaza mbele ya mama na majirani kwamba atakayefaulu kwenda sekondari atanunuliwa saa ya mkononi. Wakati ule kijiji kizima kilikuwa na saa mbili, ya mwalimu mkuu na ya karani aliyekuja kununua mahindi. Nilisoma kwa kibatari mpaka pua ikawa nyeusi kwa masizi.

Nikafaulu. Mdogo wangu hakufaulu. Baba aliuza mbuzi wawili, akapanda lori la mahindi hadi Korogwe, akarudi kesho yake na saa ndani ya leso nyeupe. Mama akachinja kuku. Binti wa shangazi yetu, ambaye alikuwa amekuja kutusaidia kumnyonyoa, alinipaka mafuta mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, tukakaa mkekani tunasubiri. Mkono wangu wa kushoto niliuweka juu ya goti, mahali ambapo hauwezi kukosa kuonekana. Baba akafungua leso, akamwita mdogo wangu, akamfunga saa yeye. Kisha akanigeukia na kusema, bila ubaya wowote, "Wewe huko uendako utakuwa na kengele."

Tulikula kuku. Baba aliniwekea firigisi kwenye sahani yangu, na firigisi kwetu hailiwi na mtoto wa kike, ni ya mwenye nyumba. Hapo ndipo nilipojua kwamba baba mwenyewe anajua alichofanya. Niliitafuna kwa muda mrefu sana na sikumbuki ladha yake.

Na kweli, kengele sikuikosa. Sekondari kulikuwa na kengele ya kuamka, ya uji na ya kuzima taa. Chuo cha ualimu vivyo hivyo. Halafu nikafundisha miaka zaidi ya thelathini, mingi katika shule moja upande wa Mnyuzi, ambako kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwarobaini na kugongwa kwa boliti. Nilipokuwa mwalimu wa zamu nilikuwa naenda kuchungulia saa ya ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu, natoka mbio, namwambia mtoto, "Gonga!" Ujana wangu wote umekwenda mbio kati ya dirisha lile na mwarobaini ule.

Mtu atauliza kwa nini sikununua saa ya bei nafuu. Nilinunua, tena tatu, za plastiki, kwa wachuuzi wa stendi. Ya kwanza ilisimama baada ya wiki, ya pili ilinigeuza mkono kijani, ya tatu niligawa. Baba hakuahidi plastiki.

Siku mafao yangu yalipotoka niligundua nina ndugu ambao sikuwahi kuwaona hata kwenye misiba. Mmoja aliniletea mpango wa kuku wa mayai. Mwingine alikuwa na bodaboda inauzwa, mpya kabisa, imeanguka mara moja tu. Sikuwa mjinga. Nilibadilisha paa la nyumba, nikamalizia ada ya chuo ya binti yangu wa mwisho, nikanunua ekari mbili za machungwa kule Handeni. Watu huwa wanasahau kwamba hayo yote niliyafanya kwanza. Kilichobaki kilikuwa changu, na nilijua tangu darasa la saba kitakwenda wapi.

Mjini kuna duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa fundi saa. Siku hizi mzee anauza chaja, vioo vya simu na betri za tochi, lakini chini ya kioo cha meza bado kuna saa chache alizoachiwa. Mbili ndizo zilizonipeleka pale mara tano. Moja ilikuwa kubwa, nene, imezungushiwa vijiwe vinavyometameta. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya dhahabu, mkanda wa ngozi, uso wake rangi ya samli, ina mishale na namba tu, hata tarehe haina. Mzee aliniambia kwamba mke wa meneja wa shamba moja la mkonge aliiagiza kutoka Uswisi kupitia kwa baba yake, na kabla haijafika wenyewe wakaondoka nchini. Tangu hapo walikuwa wanaitia ufunguo kila asubuhi, baba kwanza, kisha mwana, isije ikaganda.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu safari ya tano.

"Marahaba, Mwalimu. Leo chaja, au kuangalia?"

"Kuangalia."

Akazitoa zote mbili bila kuuliza, akaziweka juu ya kitambaa. "Mwalimu, mimi nakuambia ukweli wa duka. Hii kubwa, mtu akiwa ng'ambo ya barabara anaiona. Hii ndogo ataiona yule aliyekushika mkono tu. Bei ndogo iko kwenye kubwa, bei kubwa iko kwenye ndogo. Watu watasifu ile."

"Nani kakuambia nawanunulia watu?"

Akacheka kidogo. "Ni zawadi, basi? Ya nani?"

"Kuna mwalimu mmoja amestaafu."

Alinitazama juu ya miwani, kisha akauvuta mkono wangu taratibu na kuanza kupima mkanda. Alitoboa tundu moja jipya kwa sindano. Akanifundisha kuitia ufunguo, mizunguko kadhaa mpaka uhisi inakaza, halafu usilazimishe. "Kila asubuhi, Mwalimu. Ukisahau, inasimama."

"Nimeamsha watoto wa watu miaka thelathini," nilimwambia. "Hii moja haitanishinda."

Alikuwa na huzuni alipoifunga kwenye boksi. Nilimwonea huruma, lakini si kiasi cha kumwachia.

Sasa nikiri ubaya wangu. Nilitoka dukani kichwa juu, saa nimeshaitoa kwenye boksi na kuivaa, na kabla sijaingia ndani kwangu nikaanza kusema uongo. Jirani yangu aliiona nilipokuwa nafungua mlango. "Mwalimu, hiyo saa hiyo!" Nikamwambia ni ya Kichina, ya elfu kumi na tano. Siku ya Ijumaa mama mmoja msikitini alinisogelea, nikamwambia nimeinunua kwa ajili ya vipindi vya swala. Binti yangu aliyetoka chuo alipiga yowe, "Mama, umetisha!" Kisha akauliza imegharimu kiasi gani, nikamwambia asijali, ni urithi wake. Kwa mdogo wangu, kwenye simu, nilisema dhahabu ni akiba, haishuki thamani. Nilinunua saa moja nikajikuta nafuga uongo wa kuilinda, na kila mmoja ulitaka kulishwa peke yake. Nilijichukia kwa hilo. Mtu aliyetumia saa nzima ya hesabu kumchapa mtoto kwa kunakili jibu la mwenzake, leo ananakili majibu ya watu waoga.

Mtu mmoja nilitaka kumwambia kweli, naye ni baba. Alikuwa bado hai, mzee sana, mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Nilipanda basi hadi Handeni, nikachukua pikipiki mpaka kijijini, nikamkuta amekaa kibarazani na bakora yake katikati ya magoti. Nilimwamkia, nikakaa miguuni pake, nikavua saa na kumwekea kiganjani. Aliipapasa pande zote. Akaipeleka sikioni, akasikiliza kwa muda.

"Imepona hii saa ya mdogo wako?" aliuliza. Kwake yeye, ukoo mzima ulikuwa na saa moja tu.

"Hapana, baba. Hii ni yangu. Nimeinunua mwenyewe."

Kidole gumba chake kiliendelea kupita juu ya kioo. "Wewe si una kengele?" akasema.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania, anakumbuka, au anauliza kwa dhati. Najua tu kwamba hasira ilinipanda mpaka nikashindwa kufungua mdomo. Nilikuwa nimesafiri na jibu langu tangu Korogwe, nimelipanga vizuri kama somo la mkaguzi, na likapotea lote. Nikachukua saa yangu vidoleni mwake, nikaingia jikoni kupuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa, nikalia na kusingizia moshi. Wiki tatu baadaye baba akafariki. Alikwenda bila mimi kumjibu, na hilo liliniuma kuliko ile saa ya kwanza.

Tulikuwa bado hatujamaliza mwezi wa msiba mdogo wangu aliponipigia. Kwa umri yeye ni mdogo wangu, lakini kwa kuwa ana ndevu ndiye mkubwa wa familia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Dada, tumekaa sisi wanaume, tumeona tumchimbie baba kisima cha sadaka. Thawabu zimfuate huko aliko."

"Mmefanya vizuri. Mchango wangu upo."

"Ndiyo, sasa..." Akakohoa. "Tumeona ile saa yako ukiiuza, inatosha. Hatuna haja ya kumsumbua mtu mwingine."

Niliketi. "Ng'ombe wako wangapi siku hizi?"

"Kumi na wawili. Lakini dada, ng'ombe ni mali."

"Na saa?"

"Saa ni... saa tu. Tena dhahabu. Kwenye dini dhahabu ina maneno."

"Ina maneno kwa wanaume," nilimwambia. "Kasome vizuri."

Akasema, basi, siku ya arobaini tutalizungumza kikaoni mbele ya ukoo.

Nisieleweke vibaya kuhusu kisima. Kijiji chetu mvua ikikawia watu wanagombea maji na ng'ombe. Kisima nilikitaka kuliko wao, kwa sababu mimi na binti wa shangazi ndio tuliokuwa tunabeba ndoo kichwani tangu hatujaota maziwa. Mdogo wangu hajawahi kubeba hata kopo. Baada ya kupewa saa, kila nikirudi likizo alikuwa anasimama kwenye njia panda, mkono ameuinua, anatuambia leo tumechelewa dakika ishirini. Nilikuwa tayari kutoa fungu langu, sawa na la mtoto mwingine yeyote wa baba, na baadaye nilitoa. Nilichokataa ni kugeuzwa kisima peke yangu. Ng'ombe kumi na wawili walikuwa wanachunga hawana habari, na hakuna aliyewaita kisima.

Asubuhi ya safari nilifikiria kuiacha saa sandukuni, nikaseme imeibwa. Nilifika hadi kuifunika na khanga. Halafu nikajiona nilivyo, mwanamke wa miaka sitini na kitu anayeficha saa yake kwa kumwogopa mdogo wake ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimfuta kamasi. Nikaitoa, nikaitia ufunguo, nikaivaa, na mkono wa gauni nikaukunja.

Arobaini ilifana. Hitima ilisomwa, pilau ikaliwa, wanaume upande wao wa jamvi na sisi upande wetu. Niliona macho yanatua mkononi mwangu na kuruka. Shangazi mmoja wa mbali alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine msiba kwao ni maonyesho. Nikamwuliza kama anataka kujua saa ngapi. Akasema hataki. Nikamwambia hata hivyo ni saa nane kasoro dakika kumi.

Kabla kikao hakijaanza, akaingia mtani.

Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako, na msibani mtani ana ruhusa ambayo hata shehe hana. Atavaa nguo za marehemu, ataiga sauti yake, atachukua chako mbele ya macho yako, na wewe hutakiwi kununa. Unatakiwa ucheke na ukomboe mali yako kwa faini atakayotaja. Ukinuna umeshindwa, na utatajwa hivyo misiba kumi ijayo. Mtani wetu siku ile alikuwa ni yule yule binti wa shangazi aliyenipaka mafuta mikononi siku ya kuku. Sasa ni bibi, meno ya mbele hana, ulimi umebaki wote.

Alitoka chumbani kwa baba amevaa koti lake la kijivu, kofia yake na bakora yake. Alikokota mguu wa kulia kama alivyokuwa akiukokota. Akasimama katikati ya uwanja, akakohoa kile kikohozi chenyewe, mara mbili na kutema. Watu wakacheka na papo hapo wakaanza kulia, mimi nikiwa wa kwanza.

"Nani kala firigisi yangu?" akauliza kwa sauti ya baba.

Kicheko kikaongezeka. Mimi nikainua kichwa, maana waliokuwa wanajua habari ya firigisi ile pale uwanjani tulikuwa watatu tu.

Akaja moja kwa moja hadi nilipokaa. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akafungua mkanda, akaichukua saa. Nilitabasamu kama desturi inavyotaka, ila taya zilikuwa zimebana. Akatoa mfukoni mwa koti leso nyeupe, akaifunga saa ndani yake, akavuka uwanja kwa mwendo wa baba mpaka upande wa wanaume. Akamsimamia mdogo wangu.

"Mwanangu wa kiume, lete mkono."

Watu walishangilia. Mdogo wangu naye alicheka, maana ndivyo inavyotakiwa, akanyoosha mkono. Mtani akafungua leso na kuanza kumfunga. Mkanda haukufika. Alivuta hadi tundu la mwisho, lile alilotoboa mzee wa dukani kwa kipimo changu, ukabaki wazi. Basi akaishikilia pale juu ya mkono wake, akageuza shingo polepole, akanitafuta kwa macho aliyoyafumba nusu kama ya kipofu.

"Wewe," akasema, "utakuwa na kengele."

Mdogo wangu aliacha kucheka. Wengine waliendelea kidogo, wakaona sisi wawili tumenyamaza, nao wakanyamaza. Mwenye zamu ya kusema nilikuwa mimi. Mtani akikurushia neno unamrudishia mzaha au unalipa. Mzaha sikuwa nao. Nilisimama, nikavuka jamvi, nikaenda kusimama mbele ya lile koti, likiwa bado linanuka tumbaku.

"Kengele nimestaafu, baba," nilisema. "Nimeigonga mpaka nimezeeka. Ile saa uliahidi atakayefaulu, na mimi ndiye niliyefaulu. Nilikuwa mtoto, sikukujibu. Juzi nimekuja nikashindwa. Leo nakujibu. Nipe saa yangu."

Mtani alisimama na midomo ikimcheza, nikaona koti linatikisika mabegani. Nadhani hakutegemea nitamwita baba kwa sauti ile.

"Sogea, mwanangu," akasema. Ilikuwa bado sauti ya baba, ila imepungua. "Lete mkono."

Nikaleta mkono. Vidole vyake vilihangaika sana na kile kishikizo, mpaka nikataka kumsaidia, lakini sikumsaidia. Nilimwacha anifunge mwenyewe. Alipomaliza akapiga mkono wangu makofi mawili, akavua kofia, akarudi kuwa yeye, akapaza sauti, "Faini! Kuku mzima, tena firigisi tunagawana sisi wawili, na wanaume watutazame!"

Hapo uwanja ukalipuka.

Kikao kilifanyika kama kilivyopangwa. Mzee mmoja wa ukoo, ambaye hukumbuka ajenda hata nyumba ikiungua, akauliza, "Na ile habari ya saa?" Nilisimama kabla mdogo wangu hajafungua mdomo. Nikawaambia kwamba niliowaambia ni ya Kichina niliwadanganya. Si ya swala, maana adhana naisikia. Si akiba, maana siiuzi. Binti yangu ataipata nikifa, lakini sikumnunulia yeye. "Nimeinunua kwa sababu niliitaka," nikasema, "na kwa sababu ni nzuri. Fungu langu la kisima hili hapa." Nikaweka bahasha kwenye jamvi, nikakaa. Sijawahi kutoa somo fupi kiasi kile.

Mdogo wangu aliivuta bahasha, akaiweka katikati ya jamvi. Kisha akasema yeye atatoa ng'ombe wawili.

Jioni alinifuata nyuma ya nyumba nilipokuwa nakusanya sufuria. Alisimama hapo kama anayetaka ruhusa ya kwenda nje.

"Dada, ile saa mimi sikuiomba."

"Najua."

"Kila mtu aliponiuliza saa ngapi, nilikuwa nakumbuka wewe uko wapi na mimi niko wapi." Akajikuna shingo. "Halafu iliingia maji mwaka ule ule. Nilimwogopa baba, nikaivaa miaka sita imekufa."

Niliweka sufuria chini. "Na kule njia panda? Ulivyokuwa unatuhesabia dakika?"

"Nilikuwa nakisia. Natazama jua, nasema."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Dakika zile ishirini zilizokuwa zikinifanya niharakishe na ndoo kichwani, maji yananimwagikia shingoni, hazikuwahi kuwepo. Yeye naye akacheka, kwa aibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilimwona ni yule mtoto wa mkekani, ananyooshewa kitu ambacho hakujua la kufanya nacho. Hasira yangu kwa baba sijaimaliza, na wala sina mpango wa kuimaliza. Ile ya mdogo wangu iliishia kwenye sufuria zile.

Kisima kilichimbwa, na maji yake yana chumvi kidogo lakini yanatosha. Masuguru bado wananisema, na binti yangu anasema kuna mtu amekadiria bei na amezidisha mara mbili. Sikumsahihisha. Kila asubuhi naitia ufunguo kabla ya chai.

Nikienda Handeni mdogo wangu hunipokea njiani. Ana simu mbili, moja kila mfuko, na zote zina saa. Bado, tukikaa tu kibarazani, hainifikii chai kabla hajaniuliza, "Dada, saa ngapi?" Nakunja mkono wa gauni, naangalia taratibu, mshale mkubwa kwanza, kisha mdogo. Nimesubiri sana kuulizwa.